Kufika sayari ya mbali bila kuteka mji wa mtu

Civilization VI humkabidhi mchezaji watu wawili tu wa kuanzia: mlowezi mmoja na shujaa mmoja mwenye rungu. Mwaka ni 4000 kabla ya Kristo, sehemu kubwa ya ramani imefichwa, na nyuma ya mlima ule haijulikani anakaa nani. Mlowezi akishasimika mji wa kwanza, swali linakuja papo hapo: mji huu uzalishe nini? Wengi huchagua askari. Wakishawapata watatu wanne wanaanza kumkodolea macho jirani, na haupiti muda mrefu moshi unafuka mpakani.

Wapo wachezaji wa aina nyingine, wasiotaka mji wa mtu. Wanachotaka ni maktaba, chuo kikuu, mikataba ya urafiki na, mwisho wa yote, chombo cha kuwafikisha kwenye sayari iliyo nje ya mfumo wa jua. Wenzao huwaita waoga, lakini kazi yao ni nzito kuliko inavyoonekana. Mpiganaji anahesabu askari wake na wa yule anayekwenda kumpiga. Mpenda amani hana budi kuhesabu askari wa kila mtu.

Njia hii ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Civilization ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 1991, kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley wa kampuni ya MicroProse, na tangu hapo mtu aliweza kushinda kwa kuwafuta wapinzani wote au kwa kuwatangulia kufika kwenye nyota za Alpha Centauri. Kwa Waswahili, wengi waliusikia mchezo huu kabla ya kuuona. Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotiwa muziki na Christopher Tin kwa ajili ya toleo la nne la mwaka 2005, ndiyo kazi ya kwanza ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011.

Toleo la sita lilitoka mwaka 2016, na nyongeza zake mbili kubwa zikafuata mwaka 2018 na 2019. Mtu anaweza kushinda kwa vita, dini, utamaduni, diplomasia au sayansi. Anayetaka sayansi mara nyingi huchukua Korea, inayoongozwa na Malkia Seondeok, mtawala wa Silla kuanzia mwaka 632 hadi 647. Malkia huyu anakumbukwa kwa mnara wa kuchunguza nyota wa Cheomseongdae, ambao mpaka leo umesimama mjini Gyeongju.

Silaha ya Korea ni shule. Katika mchezo inaitwa seowon, mtaa maalumu wa wasomi unaojengwa juu ya kilima. (Seowon ya kwanza ya kweli ilianzishwa mwaka 1543, karne tisa baada ya malkia kuzikwa, ila mchezo huu haujawahi kuona haya kuwachanganya watu wa zama mbalimbali.) Mtaa huo unaanza na alama 4 za sayansi kwa kila zamu, na unapoteza alama moja kwa kila mtaa mwingine utakaobanana nao. Hapo ndipo mchezaji anapojifunza upimaji wa viwanja. Soko linapelekwa huku, kambi ya jeshi kule, na shule inaachwa peke yake kilimani, imezungukwa na mashamba na migodi. Mgodi unaopakana nayo unaongeza sayansi, shamba linalopakana nayo linaongeza chakula.

Na chakula si jambo la pembeni. Mji wenye mtu mmoja unaruhusiwa mtaa maalumu mmoja tu; wa pili unataka watu 4, wa tatu watu 7. Anayeweka akili yote kwenye vitabu akasahau mpunga atabaki na shule moja iliyodumaa, huku jirani mwenye mabonde mazuri akimpita bila hata kukusudia. Baadaye huongezwa maktaba, yenye alama 2, kisha chuo kikuu chenye alama 4, na kwa njia hiyo miji midogo mitano au sita inaanza kuvuna ujuzi kuliko himaya ya kutisha iliyojaa wapanda farasi.

Kuna ujanja mwingine ambao wageni huuacha bila kujua. Karibu kila elimu ina kitendo kinachopunguza gharama ya utafiti wake kwa asilimia 40. Ukijenga mji pwani, ubaharia unakuwa rahisi. Ukifungua machimbo ya mawe, uashi unakuwa rahisi. Ukikutana na taifa jingine, maandishi yanakuwa rahisi. Mchezaji makini haanzi utafiti kisha akangoja. Anatazama kwanza mazingira yake yanamfundisha nini, ndipo anapochagua. Lakini mchezo una dhihaka yake: elimu ya upinde inapata nafuu pale mtu anapoua adui kwa mpiga kombeo. Mpenda amani wetu anaokolewa na magenge ya waporaji yasiyo na taifa, yanayozurura kila pori. Hao akiwapiga, hakuna serikali itakayomnunia.

Tatizo ni wale wenye serikali. Kompyuta inapowaongoza wapinzani, jirani tajiri asiye na ulinzi huwa mawindo rahisi. Kwa hiyo kila mji wa mpakani unahitaji ukuta, nao mji wenye ukuta hurusha mishale wenyewe, na nyuma ya ukuta wapiga mishale wawili. Sayansi inasaidia hapa pia, kwa kuwa anayetangulia kwa elimu anawakabili kwa bunduki watu ambao bado wameshika panga, ilimradi hazina iwe na dhahabu ya kuwabadilishia askari silaha.

Nusu ya pili ya ulinzi ni adabu. Mchezaji anapokutana na kiongozi mpya hutuma ujumbe wa heshima palepale, kwa gharama ya dhahabu 25, kabla kiongozi huyo hajapata sababu ya kumchukia. Uhusiano ukipata joto, hutangazwa urafiki wa zamu 30, na katika muda huo hakuna upande unaoweza kumtangazia mwenzake vita. Gilgamesh wa Sumeria ni mwepesi wa kukubali. Gandhi naye hupenda wasiopenda vita, licha ya sifa mbaya iliyomganda ya kurusha mabomu ya nyuklia. Kwa miaka mingi watu walidai sifa hiyo ilitokana na kosa la hesabu katika mchezo wa 1991. Sid Meier alilikanusha dai hilo katika kitabu chake cha mwaka 2020. Katika toleo la tano, la mwaka 2010, waundaji walimpa Gandhi tabia hiyo makusudi, kwa mzaha.

Uhondo wenyewe, hasa kwa msomaji wa pwani yetu, uko kwenye miji-dola, ile midogo isiyogombea ushindi. Mataifa hushindana kuipelekea wajumbe, na mwenye wajumbe wengi kuliko wote, wasiopungua watatu, ndiye mlezi wake. Geneva humpa mlezi wake ongezeko la asilimia 15 la sayansi katika miji yake, kwa sharti kwamba asiwe vitani na taifa lolote. Haijalishi nani alianza. Jirani akikutangazia vita leo, hata asipovuka mpaka, ongezeko limekwisha, na ndiyo maana ile dhahabu 25 ya awali ilikuwa na thamani.

Anayetaka wajumbe kwa haraka hujenga Kilwa Kisiwani. Mchezo umeihesabu miongoni mwa maajabu ya dunia tangu nyongeza ya 2018: hujengwa kwenye ardhi tambarare kando ya bahari, huleta wajumbe watatu papo hapo, na hukuza faida itokayo kwa miji-dola unayoilea. Kwa hili waundaji walisoma historia vizuri. Kilwa aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331 ilitajirika kwa biashara, ikiwamo dhahabu iliyopitia Sofala, bila kuhitaji himaya kubwa ya bara. Ila mwaka 1505 zilifika merikebu za Francisco de Almeida zikiwa na mizinga, na mji ukatekwa na kuporwa. Mchezaji anayejenga Kilwa bila ukuta angefaa kuukumbuka mwaka huo.

Hatua za mwisho ni za roketi: satelaiti, mtu Mwezini, makazi Mirihi, kisha chombo kinachosafiri miaka-nuru 50. Kinakwenda mwaka-nuru mmoja kwa zamu, na vituo vya leza hukiongezea kasi. Hapo maadui hutuma majasusi kuvuruga kituo cha roketi, na mtu ambaye hakuwahi kupigana hujikuta akiwatawanya majasusi wake mwenyewe kulinda mitaa.

Je, hayo ni mambo ya amani kweli? Mwaka 2018, taifa la Cree na kiongozi wake Poundmaker walipoingizwa mchezoni, Milton Tootoosis, kiongozi katika jamii ya Poundmaker nchini Kanada, alilalamika kwamba mchezo unawaonyesha watu wake kana kwamba nao walikuwa na maadili ya wakoloni, ya kushinda wengine na kuchukua ardhi. Lalamiko hilo linamgusa hata mpenda sayansi. Miji yake sita imesimama juu ya ardhi ambayo ramani iliiita tupu, na waporaji aliowapiga kombeo walikuwapo kabla yake.

Asiye na fedha ya kununua Civilization anaweza kujaribu Freeciv, mchezo wa bure ulioanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, mwaka 1995, ambao hauhitaji kompyuta ya nguvu. Huko nako kuna mbio za anga, pamoja na kanuni ya kale: makao makuu yakitekwa chombo kikiwa bado njiani, chombo kinapotea. Wapiga mishale wa mji mkuu wasiondolewe.