Kompyuta Imepandishwa Mfumo, Mbona Inajikokota?

Nyumba nyingi za wafanyakazi mijini zina kompyuta moja tu, nayo aghalabu ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ughaibuni. Kwa mashine hiyo hiyo mtoto huandika kazi za shule, mama huandaa ankara za biashara yake ndogo, na baba huandika barua za kuombea kazi. Siku inapoanza kujikokota, nyumba nzima huhisi. Fundi wa mtaani, ambaye mara nyingi ndiye pia muuzaji, jibu analo mdomoni: "Imezeeka hiyo, nunua nyingine."

Ndugu msomaji, kabla hujafungua pochi, yafaa ujiulize swali moja: ilianza lini? Ikiwa wiki iliyopita mashine ilikuwa nyepesi na leo, baada ya kupandishwa mfumo, imekuwa nzito, basi uzee sio sababu ya kwanza kushukiwa. Mashine haizeeki kwa usiku mmoja.

Tuzungumzie kompyuta zinazoendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mfumo huu hupatikana bure na hauhitaji mashine ya fahari, ndiyo maana umekuwa kimbilio la kompyuta kuukuu, hasa baada ya Microsoft kusitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 mwezi Oktoba 2025. Miongoni mwa aina zake maarufu ni Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe si geni masikioni mwa Mswahili, kwani ni ndugu wa neno letu "utu". Namba za matoleo yake ni mwaka na mwezi: 20.04 ni la Aprili 2020. Huduma ya kawaida ya toleo hilo ilikoma mwaka 2025, na hatua iliyofuata kwa wenye nalo ilikuwa kupanda kwenda 22.04. Tuchukue safari hiyo kuwa mfano wetu.

Jambo la kwanza ni subira. Baada ya kupandishwa, mfumo hutengeneza upya orodha ya mafaili yako yote ili uweze kuyatafuta kwa urahisi. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, lakini diski hutaabika. Iache mashine kwenye umeme jioni nzima, kisha iwashe upya. Ikiwa asubuhi imechangamka, huna ugonjwa wa kutibu.

Ikiwa bado, fungua dirisha la kuandikia amri, uandike top. Utaona orodha ya programu zinazofanya kazi, iliyo juu kabisa ikiwa ndiyo inayotumia prosesa zaidi. Wengi huishia hapo, na wakiona prosesa imepumzika hushangaa mbona mashine haiendi. Tazama mstari wa juu unaohusu prosesa, kwenye herufi wa. Namba iliyo kando yake ni sehemu ya muda ambayo prosesa imekaa bure ikingoja diski. Ikiwa ni kubwa na haishuki, prosesa haina kosa. Ni sawa na mpishi hodari aliyekunja mikono akimsubiri aliyetumwa sokoni.

Sasa andika free -h. Hapa ndipo kiini cha malalamiko mengi kilipo. Kompyuta ina kumbukumbu ya muda ambamo kazi zinazoendelea huwekwa. Ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye eneo la diski liitwalo swapu. Diski ya kizamani, ile ya sahani inayozunguka, huhitaji kama milisekunde kumi kufikia mahali inapotakiwa, hali diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka, iitwayo SSD, huhitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hivyo mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na diski ya kuzunguka, iliyokuwa ikimudu mfumo wa zamani kwa taabu, huweza kuzidiwa na mfumo mpya kwa tofauti ndogo tu. Tofauti hiyo ikishaangukia kwenye swapu, kila dirisha hufunguka kwa kusuasua. Kwa maoni ya mwandishi huyu, shilingi ya kwanza inayotumika kwa mashine kuukuu iende kwenye SSD, na ya pili kwenye kumbukumbu. Vyote viwili ni nafuu kuliko kompyuta nyingine.

Kuna lalamiko ambalo hasa si ugonjwa. Katika toleo la 22.04 kivinjari cha Firefox huletwa kwa mtindo uitwao snap, yaani furushi lililobanwa linalobeba ndani yake karibu kila kinachohitajika. Furushi hilo hubidi lifumuliwe linaposomwa, hivyo kukifungua kwa mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine huchelewa. Ukikifunga na kukifungua tena, huja upesi.

Ikiwa kinachosuasua ni picha, video zikikatakata na madirisha yakiburuzika, fungua mipangilio ya mfumo, kwenye ukurasa wa mwisho unaoeleza mashine yenyewe. Ukiona neno llvmpipe kwenye maelezo ya picha, ujue prosesa inachora yenyewe kazi ambayo ingefanywa na kadi ya picha. Hutokea hasa kwa wenye kadi za NVIDIA, pale programu ya kuendesha kadi ilipoachwa nyuma wakati wa kupanda. Amri ya sudo ubuntu-drivers autoinstall huirudisha.

Wengine taabu yao ni kuwaka tu. Bonyeza Esc wakati nembo iko kwenye kioo, utazame maneno yanayopita. Ikiwa mashine inahesabu mpaka dakika moja na nusu kabla ya kuendelea, inangoja sehemu ya diski isiyokuwapo, pengine swapu iliyofutwa zamani lakini ingali imetajwa katika faili la /etc/fstab. Mstari huo uwekewe alama ya # mwanzoni. Kosa la namna hii huenda lilikuwapo miezi mingi. Watu hufunika tu kompyuta bila kuizima, na kupandishwa mfumo ndiko kulikowalazimisha kuiwasha upya.

Andika pia df -h uone kama diski imejaa. Ikiwa imejaa, sudo apt autoremove huondoa mabaki ya mfumo wa zamani. Lakini usiharakishe. Kiini cha zamani cha mfumo aghalabu hubaki kwa muda, na unaweza kukichagua wakati wa kuwasha. Mashine ikiwa nyepesi kwa kiini cha zamani na nzito kwa kipya, umekwisha kujua tatizo liko wapi.

Limebaki moja, nalo ndilo la kuogopwa. Kupandisha mfumo huandika maelfu ya mafaili kwa mkupuo, na diski iliyokuwa ikifa polepole huumbuka hapo. Ukisikia mgongano wa chuma ndani, au mafaili yakigoma kufunguka, acha uchunguzi wote. Nakili kwanza picha za familia, vyeti na hesabu za biashara kwenye flashi, siku hiyo hiyo. Kisha weka programu ya smartmontools, uandike sudo smartctl -a pamoja na jina la diski, ambalo mara nyingi ni /dev/sda. Tafuta mstari wa Reallocated_Sector_Ct, unaoonyesha sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa. Namba ya mwisho ikiwa si sifuri, na kesho yake imepanda, nunua diski nyingine na uuweke mfumo upya humo.