Buhemba: mji unaofuata bei

Nikisema natokea Mara, kuna mtu lazima adakie "Nyamongo!", utadhani dhahabu yote ya mkoa iko Tarime. Mimi kwetu ni Nyasura, Bunda mjini, na leo nataka tuongelee Buhemba, kimji cha vilimani ambacho wengi wetu hatujawahi hata kukitafuta kwenye ramani.

Ukitoka kwetu unashika barabara ya Musoma, ukifika Kiabakari unakunja kulia, unapita Butiama alikozikwa Mwalimu, kisha unasonga mbele. Vilima vya huko ni sehemu ya mkanda wa miamba ya kale uitwao Musoma–Mara, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yaliyopenya kwenye nyufa zake yaliacha mawe meupe ya kwatzi, na humo ndimo ilimo dhahabu. Wachimbaji huita mishipa hiyo rifu. Sasa rifu haijatandazwa juu kama viazi shambani, inazama chini. Kadiri unavyoifuata, ndivyo unavyohitaji magogo ya kuzuia kuta, pampu za maji na umeme. Kwa hiyo swali la Buhemba siku zote ni hili: bei ya leo inalipa gharama ya kushuka?

Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Migodi ya Kanda ya Ziwa ikachangamka, Kiabakari na Buhemba ikiwemo. (Mwaka huohuo kijana wa Butiama aitwaye Kambarage alianza shule Mwisenge, Musoma.) Lakini bei hiyo ikagandishwa. Vita vikaja vikaisha, mishahara, mafuta na vipuri vikapanda, dhahabu ikabaki dola 35 ileile. Geita ilifungwa 1966, na kufikia 1970 mgodi wa Buhemba nao ulikuwa umenyamaza. Agosti 1971 Rais Nixon akavunja uhusiano wa dola na dhahabu, na ndani ya miaka kumi bei ikapita dola 500. Yaani jamani, walifunga mlango mgeni akiwa njiani!

Baadaye ikaja Meremeta, kampuni ambayo serikali ilikuwa na hisa, na ikachimba Buhemba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa shimo la wazi. Hiyo nayo ikafa haraka, ikaacha maswali mazito bungeni ambayo yanastahili makala yake.

Walioendelea kuwepo ni wachimbaji wadogo, wakiwemo vijana wa rika letu wanaosubiri ajira. Wanashuka kwenye maduara kwa kamba, mawe wanayasaga kwenye karasha, unga unachanganywa na zebaki ili inase dhahabu, kisha mchanganyiko unachomwa. Mvuke wake hauonekani, lakini unaingia mapafuni na kushambulia ubongo na figo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, ila mchomaji wa kawaida bado anachomea wazi, pengine jirani na jiko la mama lishe.

Na wala mabaki hayatupwi. Yanaitwa marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa, unaouzwa tena kwa wenye mitambo ya kemikali, maana kwa bei za sasa hata chembe zilizowaponyoka wazee zinalipa.