Sauti nzito ziko kwenye mashimo

Ndugu msomaji wa Kasongo na wa Kabambare, Noeli inakaribia. Kwenye kwaya yenu sauti ya kwanza imejaa, lakini sauti nzito hakuna. Vijana wako Namoya na Salamabila, wanachimba dhahabu. Watarudi siku chache tu mbele ya sikukuu, tena wachovu, na wengine watasema: "Hawakufanya mazoezi, wasiimbe." Ngojeni kwanza.

Kule Kamina, Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen alianzisha kwaya ya watoto wa shule na walimu wao. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, lakini sauti na ngoma za kwao. Hawakuwa na nota mbele ya macho. Walishika kwa masikio, na sehemu nyingine walizitunga palepale. Mwaka uleule wakasafiri mpaka Ulaya! Karatasi ya nota ilikuja nyuma.

Basi na ninyi chagueni nyimbo za kuitikiana. Mmoja aanze, wote wajibu. Kijana aliyefika juzi atashika kiitikio kwa jioni mbili. (Mama zetu wanaoimba kwenye matanga wanaijua kazi hii bila kufundishwa.) Nyimbo ngumu za sauti nne, waachieni waliobaki nyumbani. Yunifomu? Kipande cha kitenge shingoni kinatosha. Na jioni ya kwanza musianze kwa kugombeza: muwape wali na sombe, kisha mupige ngoma.