Dhahabu iliyomo kwenye simu yako

Fundi simu wa Maramba, mkoani Tanga, akifungua simu iliyokufa, vile vidoa vya manjano kwenye ubao wa saketi ni dhahabu. Ni kidogo mno, kama miligramu 30 kwa simu moja, iliyowekwa pale kwa sababu haipati kutu na hupitisha umeme vizuri. Ila simu ni nyingi. Mwaka 2024 viwanda vya elektroniki duniani vilitumia karibu tani 270 za dhahabu.

Ikitajwa damu iliyomo kwenye simu, vidole vyote huelekezwa Kongo. Ni haki: koltani, yaani mawe yenye tantalamu, ya Rubaya, wilayani Masisi, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, nao wakaanza kuitoza ushuru. Lakini sheria ya Marekani ya 2010, inayozitaka kampuni zieleze asili ya bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu, inahusu Kongo na majirani zake wote. Tanzania imo.

Kwetu madhara huja zaidi na zebaki kuliko bunduki. Mawe yakitoka duarani, yaani shimoni, husagwa kwenye mashine iitwayo kalasha, unga wake ukaoshwa mwaloni, penye maji, kisha mchanga mzito uliobaki hukandwa na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hung'ang'ania dhahabu. Donge hilo huchomwa motoni, pengine jikoni kabisa wanapopikia ugali, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Hupenya mapafuni hadi kwenye ubongo; mtu huanza kutetemeka mikono na kusahau. Mtoto huumia zaidi, maana ubongo wake bado unakua.

Na watoto wamo. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013, iliyotokana na kutembelea machimbo 11 ya Geita, Shinyanga na Mbeya, ilikuta hata wa miaka minane. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18, lakini mtoto wa mwaloni hana mwajiri wa kushtakiwa: leo yuko na mjomba, kesho anajitafutia pesa ya daftari. Wala si habari za Kanda ya Ziwa tu. Usambara Mashariki, jirani na Maramba, ilivamiwa na wachimbaji wa dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Magunia ya koltani angalau hufungwa lebo, ingawa nazo huchezewa. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila. Masoko ya madini yaliyoanza 2019 yamepunguza magendo, na hilo ni jambo kubwa, ila yalijengwa kupima uzito na usafi na kukusanya mrabaha, si kuuliza dhahabu imechomwa na nani. Sasa Benki Kuu nayo inanunua dhahabu ya ndani. Kwa maoni yangu, mnunuzi huyo ndiye wa kwanza kuulizwa ni nani aliyeichoma, maana anainunua hapahapa, kabla haijachanganyikana na ya dunia nzima.