Video ya dakika 5 inavyokula bando la watu

Jamaa mmoja anaweka video za mechi za mtaani kwenye tovuti yake. Kila mwezi ikifika tarehe 20 hivi tovuti inafungiwa, eti kamaliza kiwango chake cha data, na watazamaji nao wanalia bando linakata. Kaniuliza afanyeje, nikaona bora nijibu hapa maana hayuko peke yake.

Tupige hesabu kwanza. Simu nyingi zikiwa kwenye 1080p zinarekodi kama megabiti 16 kila sekunde. Gawa kwa 8 upate megabaiti: MB 2 kwa sekunde, MB 120 kwa dakika. Video ya dakika 5 ni MB 600! Wakiiangalia watu 50 tu, GB 30 zimekwenda. Sasa ishushe iwe 480p, megabiti 0.8: inabaki MB 30, na wale watu 50 wanatumia GB 1.5. Kwenye kioo cha simu inaangalika vizuri tu.

Programu ya HandBrake ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Chagua Fast 480p30, kisha kwenye Avg Bitrate andika 700, sauti 96.

Ila kuna kitu wengi hawakijui. Video ikibanwa haihifadhiwi kila picha nzima. Inawekwa moja nzima, halafu zinazofuata linaandikwa lile lililobadilika tu. Ndio maana mtu aliyekaa anaongea anabanika kirahisi, mechi inasumbua. Na ukirekodi huku mkono unatetemeka, kila kitu kinabadilika, hadi milingoti ya goli! Tafuta stendi, au egemeza simu ukutani.

Halafu hii tabia ya video kujicheza yenyewe ukurasa ukifunguka, mimi siipendi kabisa. Mtu kaja kusoma matokeo, wewe unamkata bando. Kwenye tagi ya video ondoa autoplay, andika preload="none", na weka picha moja ya mechi kwenye poster. Anayetaka atabofya mwenyewe.

Wala msione ni shida ya sisi makabwela tu. Machi 2020, wakati wa korona, Netflix na YouTube walishusha ubora wa video huko Ulaya ili mtandao usizidiwe.

Wenye watazamaji wengi kuna HLS: video inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kimoja kwa viwango tofauti vya ubora, na simu inajichagulia kulingana na spidi. Aliyekwama kwenye HandBrake aulize hapo chini, nitajibu nikipata mashine.