Ndoto kwa Daktari na Ndoto kwa Msanii: Uchanganuzi wa Nafsi na Sanaa ya Usurealisti

Utangulizi

Katika mijadala kuhusu sanaa ya Ulaya ya karne ya 20, imekuwa desturi kuueleza usurealisti kuwa ni mtoto wa uchanganuzi wa nafsi. Usurealisti ni mkondo wa sanaa na fasihi uliotangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1924, nao ulishikilia kuwa uhalisia unaoonekana kwa macho ni sehemu tu ya uhalisia mpana zaidi, ambamo ndoto na mambo ya kila siku hukutana. Uchanganuzi wa nafsi ni elimu na tiba iliyoasisiwa na daktari Sigmund Freud mjini Vienna. Kwamba wasurealisti walimtukuza Freud ni jambo lisilo na shaka. Hata hivyo, mzazi huyo hakumtambua mtoto wake, na mtoto naye alivichukua vyombo vya mzazi akavitumia kwa kazi nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kilichochukuliwa na kilichoachwa, na kwa nini jambo hilo lina uzito kwa yeyote anayehakiki picha au shairi kwa nadharia ya Freud.

Fumbo na Mfumbuzi

Kitabu cha Freud kuhusu tafsiri ya ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899, ijapokuwa jalada lake lilibeba mwaka 1900. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba nafsi ya binadamu ina sehemu ambayo mwenyewe hana habari nayo, yaani ung'amuzi bwete. Humo hukaa matamanio na kumbukumbu zilizozuiwa kwa kuwa zinatia aibu au uchungu. Usiku, kizuizi kinapolegea, mambo hayo hutoka, lakini hutoka yakiwa yamejitanda mavazi ya kujificha. Ndoto inayokumbukwa asubuhi ni mavazi hayo. Maana yake imo chini.

Freud aliilinganisha ndoto na fumbo la picha, ambalo halieleweki likitazamwa kama mchoro wa kawaida, ila hueleweka kila picha inapogeuzwa kuwa neno au silabi. Alitaja kazi mbili kubwa zinazolifunga fumbo hilo. Ya kwanza ni usongamanisho, ambapo mawazo mengi hukusanywa katika taswira moja. Kwa mfano, mtu wa ndotoni huwa na sura ya huyu, sauti ya yule na nguo za mwingine. Ya pili ni uhamishaji, ambapo uzito wa jambo kubwa hupelekwa kwenye jambo dogo lililo jirani nalo, hata lile kubwa likapita bila kuonekana.

Katika kulifumbua fumbo hilo Freud hakutegemea orodha ya maana zilizokwisha kupangwa, kama zile za vitabu vya kuagulia ndoto. Mgonjwa alilala kochini, akatakiwa aseme kila kilichomjia akilini bila ya kuchagua, hata kikiwa ni upuuzi au aibu tupu. Mkondo huo wa maneno ndio uliomwongoza daktari. Freud alikubali kuwa zipo ishara zinazorudiarudia katika ndoto za watu wengi, lakini kwake zilikuwa msaada tu. Nguzo ilikuwa maneno ya mwotaji mwenyewe.

Kalamu Isiyo na Nahodha

André Breton, kiongozi wa wasurealisti, alianza maisha yake ya ujana akiwa mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alifanya kazi katika kituo cha kijeshi cha magonjwa ya akili huko Saint-Dizier, Ufaransa, na huko aliwasikiliza askari waliorukwa na akili kwa ajili ya vita. Breton hakusoma Kijerumani, na kitabu cha ndoto hakikupata tafsiri ya Kifaransa hadi mwaka 1926. Kwa hiyo alimjua Freud kwanza kupitia muhtasari ulioandikwa na madaktari wa Kifaransa. Kilichomteka zaidi ni ile mbinu ya kusema bila ya kuchagua.

Mwaka 1919 Breton na rafiki yake Philippe Soupault waliijaribu mbinu hiyo wao wenyewe. Waliandika kwa haraka, bila ya mada na bila ya kusahihisha, wakibadilisha kasi ya kalamu makusudi ili waone lugha itabadilika vipi. Matunda yake yalikuwa kitabu *Les Champs magnétiques*, kilichotolewa mwaka 1920. Ilani ya mwaka 1924 iliufanya uandishi wa aina hiyo kuwa ndio maana yenyewe ya usurealisti: mwenendo wa fikra usiosimamiwa na akili, usiojali uzuri wala maadili. Wachoraji nao waliandama njia hiyo. André Masson aliuachia mkono wake utembee juu ya karatasi mpaka mistari izae maumbo. Max Ernst, Mjerumani aliyeweza kumsoma Freud katika lugha yake ya asili, alianza mwaka 1925 kuweka karatasi juu ya mbao za sakafu na kuisugua kwa penseli. Katika alama za mbao hizo akaona misitu, ndege na wanyama.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Kwa Freud, maneno yasiyochaguliwa yalikuwa njia ya kufikia maana. Kwa Breton yalikuwa ndiyo kituo. Daktari alilifumbua fumbo ili mgonjwa apate nafuu na kurudi katika kazi na jamaa zake. Msanii aliliweka fumbo mbele ya watu likiwa zima, akitumaini kuwa maisha yenyewe yatabadilika kwa kulitazama. Waswahili husema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Wasurealisti walimpokea mwerevu wa Vienna kwa heshima zote, lakini hawakumwomba aligangue fumbo lao.

Kutoelewana kwa Freud na Wasurealisti

Breton alimtembelea Freud mjini Vienna mwaka 1921, akarudi amevunjika moyo. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka uliofuata alimchora kama mzee wa kawaida asiye na mvuto wowote. Mwaka 1932 waliandikiana barua, na Freud akakiri kwamba hakuweza kufahamu usurealisti ni nini na unataka nini.

Jibu lenye uzito zaidi lilikuja mwaka 1937. Breton alikuwa akikusanya ndoto za watu mbalimbali kwa ajili ya kitabu, akamwomba Freud mchango. Freud alikataa. Sababu yake ilikuwa kwamba ndoto iliyoandikwa peke yake, bila ya maneno ambayo mwotaji huyahusisha nayo na bila ya kujua mazingira yaliyoizaa, haikumwambia kitu. Mkusanyiko wa namna hiyo, kwake, ulikuwa lundo la mafumbo yaliyotengwa na wafumbaji wake.

Mwaka 1938 Freud, akiwa mkimbizi mjini London, alitembelewa na Salvador Dalí, ambaye alikwenda na picha yake inayohusu kugeuka kwa Narkisi. Siku ya pili Freud alimwandikia mwandishi Stefan Zweig kwamba hapo awali aliwahesabu wasurealisti kuwa ni wapumbavu, lakini kijana huyo wa Kihispania, kwa ustadi wake wa kuchora, alimfanya afikiri upya. Inafaa kuangalia kilichomvutia: ustadi, yaani kazi ya akili iliyo macho, kitu kile kile ambacho ilani ya 1924 ilitaka kikae kando.

Hatari ya Ufunguo Mmoja

Kutokana na hayo, mhakiki anayeitazama picha ya kisurealisti na kutangaza kuwa kitu fulani ndani yake maana yake ni hiki, na kingine ni kile, hamfuati Freud wala Breton. Mchoraji hayupo kochini, na maneno yake hayajasikiwa. René Magritte wa Ubelgiji alichora watu waliofunikwa nyuso kwa nguo, na wahakiki wengi walizihusisha picha hizo na kifo cha mama yake, aliyekufa maji mwaka 1912. Magritte mwenyewe hakuupenda ufasiri huo.

Freud mwenyewe aliwahi kuingia katika mtego huu. Mwaka 1910 aliandika kuhusu Leonardo da Vinci, akitegemea kumbukumbu ya utotoni ambapo ndege alimjia Leonardo akiwa mchanga. Leonardo aliandika kwa Kitaliano jina la mwewe, lakini tafsiri ya Kijerumani iliyotumiwa na Freud ilimtaja tumbusi. Juu ya tumbusi huyo Freud alijenga hoja ndefu kuhusu mungu wa kike wa Misri ya kale na mama yake Leonardo. Kosa hilo lilipobainishwa mwaka 1923, nguzo moja ya hoja yake ilianguka. Kwa wanafunzi wa lugha, funzo liko wazi: kabla ya kuichimba nafsi, sharti neno lisomwe sawasawa.

Upo pia upande wa wagonjwa. Mwaka 1928 jarida la wasurealisti liliadhimisha miaka 50 ya histeria, likiusifu ugonjwa huo kuwa ni uvumbuzi wa kishairi. Mwaka huo huo Breton alitoa kitabu *Nadja*, kuhusu mwanamke aliyemvutia kwa maneno na michoro yake ya ajabu. Mwanamke huyo, Léona Delcourt, alikuwa ameshapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1927, na hakupata kutoka katika hospitali za aina hiyo hadi kufa kwake mwaka 1941. Kilichokuwa ushairi kwa msomaji, kwake kilikuwa kifungo.

Hitimisho

Mkutano wa elimu hizi mbili haukupita bure. Jacques Lacan, daktari aliyejuana na Dalí na kuandika katika jarida la *Minotaure* mwaka 1933, alikuja kueleza mwaka 1957, kwa kutumia mawazo ya mwanaisimu Roman Jakobson, kwamba usongamanisho ni sitiari na uhamishaji ni taashira. Kwa hiyo ndoto ina balagha yake, na msomi wa fasihi ana haki ya kuisoma. Lakini haki hiyo ina masharti. Sitiari haina maana nje ya matini iliyomo, kama vile ndoto haina maana nje ya maisha ya mwotaji. Freud aliikataa ndoto isiyo na mwenyewe; mhakiki naye anapaswa kuukataa ufasiri usio na matini.