Vituko vya Stima Katika Nyumba za Kale

Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, walowezi wa Kizungu walikuwa wamekwisha kutwaa mashamba mengi ya Trans Nzoia, nao wakajenga nyumba za mawe na matofali, zenye mapaa ya mabati au vigae na dari za mbao. Nyingi kati ya nyumba hizo zingali zimesimama. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 zilipata wenyewe wapya: nyingine ni makao ya wakulima, nyingine hukaa walimu, nyingine zimekuwa ofisi. Kuta zake ni imara kuliko kuta nyingi za leo. Lakini nyaya za stima zilizofichwa ndani yake zimezeeka, na uzee wa waya hauonekani kwa nje kama uonekanavyo uzee wa ukuta.

Wakaao katika nyumba hizo hueleza mambo ya ajabu. Pasi ikitiwa moto, taa za chumba cha pili hufifia. Mvua ikinyesha, bomba la bafu huwasha mkono. Taa ya ukumbi hung'aa kidogo usiku kucha ingawa swichi imezimwa. Tokeni zilizonunuliwa Jumatatu huisha Alhamisi na hakuna aliyepika kwa stima. Si ajabu wengine kusema nyumba ina pepo. Fundi wa mtaani huitwa, hubadili balbu, huchukua fedha zake, akaenda zake. Na baada ya juma moja mambo ni yale yale.

Stima haifanyi jambo lisilo na sababu. Hutoka katika mita kwa waya mmoja, ambao katika nyumba za kale ni mwekundu, ikapita katika swichi, ikawasha taa, kisha ikarudi kwa waya wa pili, mweusi, ambao mafundi huuita nyutro. Waya wa tatu, wa kijani, hushuka ardhini, na siku zote za salama haubebi kitu. Watu wengi, na hata mafundi kadha wa kadha, hufikiri habari za waya wa kwanza tu. Lakini vituko vingi vya nyumba za kale vimo katika waya wa pili na wa tatu.

Tutwae mfano wa nyumba ya namna hiyo katika mtaa wa Milimani, Kitale. Jioni moja upande wa vyumba vya kulala wafa wote, taa na soketi pia. Fundi aja na testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini. Aitia katika tundu la kwanza la soketi, yawaka. Aitia katika tundu la pili, yawaka vile vile. Moto uko pande zote mbili, wala hakuna taa inayowaka! Hapo ndipo wengi huondoka wakitikisa kichwa.

Sababu iko katika bodi ya fyuzi. Bodi nyingi za zamani ziliwekwa fyuzi mbili kwa kila njia, moja katika waya mwekundu na moja katika waya mweusi. Ile ya waya mweusi imekatika. Stima yafika kama kawaida, yapita katika balbu ambayo swichi yake imewashwa, yaingia katika waya mweusi, lakini haipati njia ya kurudi. Basi waya mweusi wote umejaa moto. Aonaye giza hudhani stima haipo. Ipo, volti 240 kamili, nayo yamngoja mtu atakayepanda ngazi kushika nyaya za dari akiamini kwamba njia imekufa. Katika bodi za siku hizi kikata-moto cha njia ya taa huwekwa katika waya wa moto, na nyutro huachwa nzima bila fyuzi yake peke yake. Mwenye nyumba aliye na bodi ya fyuzi mbili mbili hana haja ya kuitengeneza, aibadili.

Dada yake kosa hilo ni swichi iliyotiwa katika waya mweusi. Taa huzimika vizuri, lakini kishikio cha balbu hubaki na moto mchana na usiku. Globu za zamani hazikufichua jambo hili, kwani zilihitaji stima nyingi ndipo ziwake. Taa za LED huridhika na kidogo mno, zikang'aa kama kimulimuli. Si kila taa inayong'aa hivyo ina kosa la swichi, maana nyaya ndefu zilizolala bega kwa bega huweza kuambukizana kiasi kidogo. Hata hivyo lazima swichi ifunguliwe na kupimwa.

Rangi nazo zimeongeza mashaka. Uingereza, ambako tulipata desturi zetu za nyaya, iliacha nyekundu na nyeusi kwa nyaya za nyumbani, ikaanza kutumia kahawia na bluu mwaka 2004, na tangu mwaka 2006 ikawa lazima. Nyumba iliyoongezwa chumba hivi karibuni huwa na rangi za zama mbili. Jambo la hatari ni kwamba waya mweusi, ambao zamani ulikuwa wa kurudi, katika mpango mpya wa nyaya tatu za moto ni mmojawapo wa hizo zenye moto.

Ukiteremka kutoka Kitale kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye hata ufike Bungoma, utakuta nyumba za namna nyingine: maduka ya zamani kando ya reli iendayo Uganda, yenye vyumba vya wapangaji nyuma. Jengo kama hilo huweza kuletewa nyaya tatu za moto zenye nyutro moja, kila waya ukihudumia vyumba vyake. Nyutro hiyo ikilegea, mpangaji mmoja huona taa zake zinafifia, na jirani yake huona zake zinawaka kwa ukali mno kisha zinapasuka, na televisheni yatoa moshi. Volti 415 zilizo kati ya nyaya mbili za moto zimegawanywa kwa vyumba bila usawa. Wapangaji hugombana wakishukiana wizi wa stima, na kumbe ni skrubu moja iliyolegea. Dawa ya kwanza ni kuzima swichi kuu mara moja.

Habari ya bomba liwashalo mkono ni ya waya wa ardhi. Mpira uliofunika nyaya za kale hukauka na kupasuka, panya huutafuna, na maji ya mvua yakipenya darini stima huvujia mabati na mabomba. Kama fimbo ya ardhi ni nzima, fyuzi au kikata-moto hukatika. Lakini fimbo nyingi zimeliwa na kutu, au udongo unaozizunguka hukauka miezi ya Desemba hadi Februari, na stima iliyovuja hungoja mwili wa mtu. Kikata-moto cha milliampea 30, kinachokata mara kiasi hicho kinapopotea njiani, ndicho kitu cha kwanza ambacho ningenunua kabla ya rangi ya ukuta.

Mwenye nyumba anaweza kufanya uchunguzi bila kugusa waya hata mmoja. Azime vyombo vyote, achomoe plagi zote, kisha aitazame taa ndogo ya mita. Ikiwa yaendelea kupepesa, stima inakwenda mahali. Azime njia moja moja katika bodi hata mapepeso yakome. Njia iliyoyakomesha ndiyo yenye tatizo. Aandike katika daftari siku, saa, mvua au ukavu, na chombo kilichokuwa kikitumika. Hita ya bafu ya wati 5,500 hunywa karibu ampea 23, na soketi ya kale ya pini za mviringo iliwekewa ampea 15 tu. Daftari litaonyesha upesi kama taa hufifia saa ya kuoga. Kutia waya mnene mahali pa fyuzi ili isikatike ni kuhamishia moto darini.

Yaliyobaki ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, nayo aombwe aionyeshe. Aje na chombo cha kupima ukinzani wa nyaya kwa volti 500, kiitwacho mega, si testa peke yake. Apime kila njia, afungue maungio yote ya darini, na akimaliza achore ramani ya njia zote, ibandikwe ndani ya mlango wa bodi kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yake.